Mashine ya Pili na Daftari la Madeni: Namna Kijiji Kinavyobeba au Kuua Biashara Zake

Kijiji kikiwa na mashine moja ya kusaga inayokwenda vizuri, haipiti miaka miwili mashine ya pili imefika. Mara nyingi inajengewa banda barabara ileile, hatua hamsini kutoka ya kwanza. Watu wanafurahi: foleni itapungua, bei itashuka. Na bei inashuka kweli. Baada ya muda moja inafungwa, mota inauzwa mjini, na kinachobaki ni banda lenye unga uliogandia kwenye mbao. Wengine watasema jamaa kachezewa, wengine watasema hakuwa na mkono wa biashara. Anayeshika kalamu hakuna.

Tuishike sisi. Chukua kijiji cha kaya 300, kila kaya watu watano, walaji wa ugali. Kwa mwezi kaya hiyo inasaga mahindi debe tatu hivi, debe likiwa na kilo 18. Kijiji kizima ni debe 900 kwa mwezi, yaani 30 kwa siku, sawa na kilo 540. Mashine ya vinyundo yenye mota ya hosipawa 20 inamaliza kilo 300 kwa saa bila kutoka jasho. Kwa hiyo kazi ya kijiji kizima kwa siku nzima haifiki saa mbili. Ile foleni inayowafanya watu waseme tunahitaji mashine nyingine inatokana na wote kuja wakati mmoja, jioni wakitoka shamba. Asubuhi msagaji anasinzia juu ya gunia.

Sasa pesa. Bei ninazotaja ni za mfano, weka za kwenu. Debe likisagwa kwa TSh 1,500, siku inaingiza TSh 45,000. Mota ya hosipawa 20 ni kama kilowati 15. Saa mbili ni uniti 30, na kwa TSh 350 kila uniti umeme unakula TSh 10,500. Msagaji TSh 7,000. Tenga TSh 5,000 ya mkanda, beringi, vinyundo na chekeche. Inabaki TSh 22,500. Kama mashine, mota, banda na kuvuta umeme vilikula TSh milioni 6, pesa imerudi ndani ya miezi tisa. Biashara nzuri, na ndiyo maana jirani anaitamani.

Leta mashine ya pili, gawanya debe nusu kwa nusu, bei iache palepale. Kila mmoja anaingiza TSh 22,500. Umeme unashuka hadi TSh 5,250, lakini msagaji bado anadai zilezile TSh 7,000 kwa sababu anashinda pale kutwa, na hela ya spea ukiigusa utakuja kulia. Kinachobaki ni TSh 5,250 kwa siku. Miezi tisa imegeuka zaidi ya miaka mitatu. Hapo bei haijaguswa. Wakianza kushindana na bei ikafika TSh 1,200, inabaki TSh 750. Hela ya maandazi.

Mtu anayebaki na TSh 750 haachi kazi mara moja. Anaanza kubana. Vinyundo vilivyokwisha makali anabadilisha viwili tu, vingine avipe muda, wakati vinatakiwa kubadilishwa vyote kwa pamoja, au angalau jozi zinazotazamana ziwe na uzito sawa. Vikipishana uzito mhimili unatetemeka na beringi inakwisha kabla ya wakati. Sumaku ya mdomoni, ile inayonasa misumari na nyaya zilizoingia kwenye mahindi, haitafutwi tena ikidondoka, na msumari mmoja unatoboa chekeche. Kifaa kinachokata umeme fezi moja, yaani moja ya njia tatu za umeme, inapopotea hakinunuliwi, na mota ya njia tatu ikibaki inavutwa na fezi mbili inaungua ndani ya dakika chache. Kwa hiyo mashine inayofungwa huwa imekufa kweli, na aliyekuwa na mashine nzuri ya kwanza naye yuko hoi.

Kwenye mazungumzo ya kusaidia wajasiriamali wa vijijini, neno la kwanza huwa mtaji. Hili la mashine ya pili halina uhusiano na uhaba wa mtaji. Mtaji ulikuwepo, tena milioni sita, ukawekwa mahali ambapo wateja walikwisha. Kijiji ni mteja kwanza, mkopeshaji baadaye, na mchango wake mkubwa ni kusema wazi wateja wako wangapi na pesa yao inakwenda wapi.

Kijiji hakina mamlaka ya kumkataza mtu kufungua biashara halali, na kisijaribu. Ila kina mkutano. Mkutano Mkuu wa Kijiji unatakiwa kukaa angalau kila miezi mitatu, na ajenda yake ya kawaida ni mapato na matumizi, michango ya ujenzi, na ugomvi wa mifugo. Hesabu kama hiyo ya juu, ikiandikwa kwenye karatasi ya manila na kubandikwa ukutani ofisi ya kijiji, inachukua nusu saa. Mwenye milioni sita ataiona. Kama bado anataka mashine, pengine ataweka ya kukoboa, maana wa dona anasaga tu lakini wa sembe anakoboa kwanza, na pumba zinabaki kuwa biashara nyingine kwa wafugaji. Na kama mwenye mashine ya kwanza anawanyanyasa watu kwa bei na lugha, mkutano huohuo ndio pa kumwambia kabla mtu hajaingia gharama ya milioni sita ili kumkomoa.

Zoezi la pili ni la kuorodhesha pesa inayotoka. Chagua siku ya gulio na siku moja ya kawaida. Vijana wawili wakae kijiweni kwa bodaboda na daftari, wamuulize kila anayetoka na kila anayerudi: umekwenda kununua nini, kwa shilingi ngapi, na nauli ngapi. Watu wanajibu vizuri wakijua ni kwa ajili ya kijiji, wakidhani ni TRA hawajibu, kwa hiyo mwenyekiti wa kitongoji atangaze siku moja kabla. Jioni orodha inakuwa na vitu ambavyo hakuna aliyevifikiria: kuchomelea jembe la kukokotwa na ng'ombe, kuchaji betri, sare za shule, geti, unga wa lishe wa mtoto, tairi na spoku za baiskeli, kutoa pesa kwa wakala kwa sababu wakala wa hapa hana pesa taslimu baada ya saa sita. Angalia safu ya nauli. Mtu akilipa nauli ya TSh 4,000 kwenda na kurudi kuchomelea kitu cha TSh 3,000, hapo pana nafasi ya fundi wa kuchomelea, mradi umeme wa njia tatu umefika au mashine yake iwe ile ndogo inayovumilia njia moja. Swali la umeme liulizwe TANESCO kabla ya kununua mashine. Nguzo kupita mbele ya nyumba hakumaanishi njia tatu zipo, na kwenye mwisho wa laini umeme unaweza kuwa mdogo jioni hata taa zinakuwa njano.

Sasa twende dukani, kwenye daftari.

Kila duka la kijijini lina daftari la madeni, kwa kawaida counter book iliyochanika mgongo, majina upande wa kushoto, deni katikati, na mistari iliyokatwa kwa waliolipa. Ukitaka kujua afya ya duka usitazame rafu, tazama mistari isiyokatwa. Hesabu yake ni hii. Mwenye duka ananunua sukari mjini, ikimfikia dukani kilo imemgharimu TSh 2,500, anauza TSh 2,800. Faida TSh 300. Kilo moja ikikopwa na isilipwe, amepoteza TSh 2,500, na ili airudishe lazima auze kilo nyingine nane na zaidi kwa pesa taslimu. Kwa kila mkopaji mmoja asiyelipa, wanatakiwa wateja wanane waaminifu wafanye kazi ya bure. Nao wanane hao wakikuta sukari imekwisha kwa sababu mtaji uko kwenye daftari, wanapanda bodaboda kwenda mjini, na wakifika huko wananunua na sabuni na mafuta.

Dawa inayopendekezwa na wanaofundisha ujasiriamali ni kubandika karatasi: mkopo kesho. Kijijini haifanyi kazi. Mwenye duka anakaa na wadeni wake msibani, kanisani, msikitini, na mama wa mtoto anayeumwa akija usiku kutaka sukari na limau hatamwonyesha karatasi. Isitoshe kipato cha kijiji cha wakulima kinakuja kwa msimu. Kati ya Januari na Machi, mazao yakiwa bado shambani, usipokopesha huuzi.

Kinachofanya kazi ni kukopesha kwa kipimo, na kipimo hicho kikae mikononi mwa wengi ili lawama isimwangukie mtu mmoja. Maduka ya kijiji kimoja yakikaa pamoja, matatu au manne, yanaweza kukubaliana mambo machache: jumla ya mikopo ya duka isizidi robo ya mtaji, kaya moja isizidi kiasi fulani, tuseme TSh 20,000, mwenye deni la zamani kwenye duka moja asifunguliwe ukurasa kwenye la pili. Hili la mwisho ndilo linaloleta nidhamu, kwa sababu tabia iliyozoeleka ni kumhama anayekudai kwa kumwonea aibu na kuhamia kwa jirani yake. Tarehe ya kulipa isiwe mwisho wa mwezi, mkulima hana mwisho wa mwezi. Iwe wiki mbili baada ya mnunuzi wa mazao kuanza kupima. Kopa harusi kulipa matanga, wanasema, lakini mengi ya matanga hayo yanatokana na kudai wakati mtu hana kitu.

Linalofuata ni la kifamilia na halitajwi kwenye semina. Duka dogo haliuawi na wakopaji peke yao. Linauawa wiki ya msiba. Baba mkubwa amefariki, ukoo umekaa, na kila mtu anamtazama mwenye duka. Sanda, jeneza, gari, mchele wa waombolezaji wa siku tatu. Hawezi kukataa, na ukweli ni kwamba hakuna mtu wa heshima angekataa. Siku ya tanga kuanuliwa rafu ziko tupu na mtaji wa miaka minne umekwisha. Ndiyo maana mfuko wa jamii wa kikundi cha kuweka na kukopa, ile TSh 500 au 1,000 inayotolewa kila kikao mbali na hisa, una kazi kubwa kuliko unavyoonekana. Kaya zote zikiwa na mfuko wa kuzikana wenye kiwango kinachojulikana, mwenye duka anachanga kama wengine na duka linafunguliwa siku ya nne. Kijiji kinachotaka maduka yake yadumu kianzie hapo kabla ya kutafuta mikopo. Kiwango cha rambirambi kiandikwe, kikundi kitoe ndani ya siku moja, na kisizidishwe kwa sababu marehemu ana mwana mwenye duka.

Vikundi vyenyewe vinajulikana. Mfumo wa kuweka na kukopa kwa hisa na sanduku ulianzishwa na shirika la CARE huko Maradi, Niger, mwaka 1991, na hapa kwetu Tanzania VICOBA (benki za jamii vijijini) zimeenea tangu miaka ya 2000. Sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu ambao si viongozi, hisa moja hadi tano kwa kikao, faini ya kuchelewa, mkopo usiozidi mara tatu ya hisa za mtu, kuvunja mfuko baada ya mwaka. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeviweka vikundi hivi daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Kazi hiyo inapitia halmashauri, na afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuanza naye. Wengine wanaukwepa usajili. Siku mhasibu akitoroka na sanduku, kikundi ambacho hakikusajiliwa kinaanza kwa kueleza kuwa kipo.

Ila uwezo wa sanduku una mwisho wake. Kikundi cha watu 25, hisa TSh 2,000, kwa wastani kila mtu ananunua hisa tatu kwa wiki: TSh 150,000 kwa wiki, na kwa wiki 50 ni TSh milioni 7.5. Akiba ya mwaka mzima ya watu 25 ni mashine moja ya kusaga na chenji kidogo. Ukimpa mtu mmoja mkopo huo, 24 wamekaa mikono mitupu. Tena pesa hiyo haipo mwezi wa kwanza, inajaa mwezi wa kumi na moja, na mwezi wa kumi na mbili inagawanywa. Mkopo wa miaka miwili hauwezi kutoka kwenye sanduku linalokufa kila Desemba.

Na riba. Vikundi vingi hutoza asilimia 5 hadi 10 kwa mwezi, na wanachama hawaoni shida kwa sababu faida inawarudia wenyewe. Kwa mama lishe anayenunua mchele asubuhi na kuuza wali mchana, asilimia 10 kwa mwezi inabebeka. Pesa yake imezunguka mara 25. Kwa mfuga kuku wa kienyeji ambaye kifaranga chake kinahitaji miezi mitano au sita kufika sokoni, asilimia 10 kwa mwezi ni nusu ya mkopo na zaidi imeliwa kabla jogoo hajawika. Atauza kuku wangali wadogo ili alipe, au atakopa kikundi cha pili kulipa cha kwanza. Huo mchezo wa kuhamisha deni kutoka sanduku hadi sanduku kila kijiji kinaujua, na unaishia kwa kuondoka usiku. Kwa hiyo mkopo wa sanduku uwe wa genge, dagaa, mama lishe, vocha na floti ya wakala wa pesa za simu. Kilimo, kuku na mashine vitafutiwe njia nyingine.

Njia hiyo bodaboda wameshaivumbua, inaitwa mkataba. Tajiri ananunua pikipiki, dereva analeta hesabu ya kila siku, na baada ya mwaka au zaidi pikipiki inakuwa yake. Hakuna riba inayotajwa, imo ndani ya hesabu. Kikundi, au vikundi vitatu vilivyounganisha nguvu, kinaweza kufanya hivyohivyo kwa cherehani, mashine ya kuchomelea au hata kinu. Sharti la kwanza ni kuwe na mfuko usiovunjwa: wanachama wanakubali kwamba kila Desemba asilimia 20 ya pesa inabaki sandukuni, au bora zaidi benki, na imeandikwa kwa majina. Wengi watasita mwaka wa kwanza. Waachwe wasite. Anza na kitu kimoja kidogo ambacho pesa yake inarudi upesi, kama cherehani.

Mkataba uandikwe, hata kama ni kwa mkono kwenye karatasi mbili, ushuhudiwe na afisa mtendaji wa kijiji. Useme chombo ni cha nani hadi deni liishe. Useme hesabu ni shilingi ngapi kwa wiki, na miezi ya njaa inashuka hadi kiasi gani, kwa sababu hesabu isiyoshuka Februari inavunjwa Februari. Useme spea ndogo ni za nani na kubwa ni za nani. Hapa ndipo mikataba mingi inapofia, mota ikiungua kila mmoja anamtazama mwenzake. Kanuni inayokubalika: kinachochakaa kwa kazi, yaani mkanda, sindano, vinyundo, ni cha mwendeshaji, kinachoharibika bila uzembe kinagawanywa nusu kwa nusu. Useme mwendeshaji akifariki au akiumwa, familia ina muda gani wa kuamua kuendelea au kurudisha, na kiasi alichokwisha kulipa kinahesabiwaje. Mita ya LUKU isajiliwe kwa jina la kikundi hadi mwisho wa mkataba.

Kuhusu mikopo ya halmashauri nitapita haraka, imeandikwa sana. Tangu sheria ya fedha za serikali za mitaa ilipobadilishwa mwaka 2018, halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, ikarudishwa 2024. Kasoro yake kwa jicho langu ni kwamba pesa inatolewa kwa kikundi, na watu wanaunda kikundi ili wapate pesa. Watano waliokutana kwa ajili ya kujaza fomu wanapewa milioni kumi ya kufuga kuku, wanagawana mbili mbili, na mwisho wa mwaka mmoja tu ndiye ana banda. Kamati ya kata inayopitisha maombi iulize jambo moja: kikundi hiki kilikuwa kinakutana kabla ya fomu? Daftari la mahudhurio la miezi sita lina uzito kuliko andiko la mradi lililochapwa stationery.

Mteja mkubwa kuliko wote kijijini ni serikali yenyewe: shule, zahanati, ujenzi. Madarasa mengi yanajengwa kwa fosi akaunti, fundi anatafutwa hapohapo na vifaa vinanunuliwa na kamati: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Darasa linahitaji milango, madirisha, madawati, meza. Seremala wa kijiji anaweza kutengeneza dawati. Anashindwa karatasi. Hana TIN, yaani namba ya mlipakodi, hana risiti inayokubalika, na tangu 2023 manunuzi ya umma yamehamia kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST, wakati yeye simu yake ni ya kitochi. Kazi inakwenda mjini, gari la madawati linapita mbele ya karakana yake.

Kumsaidia huyu hakuhitaji mkopo. Kunahitaji mwalimu mmoja mwenye simujanja na siku mbili. Siku ya kwanza ni TIN, haina malipo, anahitaji namba yake ya NIDA na kusema biashara iko wapi. Ya pili ni leseni na kujisajili kwenye mfumo. Jambo moja aelezwe mapema: akishakuwa na TIN ana wajibu wa kodi hata kama kodi yenyewe ni sifuri, kwa hiyo aandike mauzo yake kila siku na aende kukadiriwa, asisubiri barua. Kisha kuna swali la ubora, na hapa kijiji kisioneane haya. Mbao mbichi zinapinda. Dawati lililopigiliwa misumari peke yake bila kuchongwa viungo linaachia ndani ya mihula miwili. Kamati ya mapokezi ikipokea dawati bovu kwa sababu seremala ni mtu wa nyumbani, mwaka unaofuata mkuu wa shule ataagiza mjini na atakuwa na haki. Njia nzuri ni kuagiza dawati moja la mfano, liwekwe darasani wiki mbili, likaliwe na watoto watatu wa darasa la nne wasiotulia, ndipo yaagizwe mengine 40 kwa awamu za kumi kumi, na malipo ya awali yatoshe kununua mbao tu.

Chakula cha shule ni biashara nyingine iliyolala. Wazazi wanachanga mahindi na maharage, magunia yanakaa stoo ya shule, na kusaga kunafanyika popote. Shule ikipanga kusaga Jumanne na Alhamisi asubuhi, ule muda msagaji anaposinzia, mashine ya kijiji inapata debe za uhakika wakati usio na foleni, na shule inaweza kuomba punguzo kwa haki.

Kuna biashara ambazo haziwezi kusimama bila kijiji kizima kutenda jambo kwa pamoja. Kuku ni mfano wa wazi. Mtu mmoja anaweza kujenga banda zuri, akanunua vifaranga 200, akachanja, akafuata kila kitu. Kideri kikipita kwa majirani ambao hawakuchanja, kuku wao wanaokufa wanatupwa bondeni, mbwa wanaburuta, na virusi vinatembea kwenye viatu na kwenye tenga la mnunuzi anayezunguka nyumba hadi nyumba. Chanjo ya matone ya I-2 inatengenezwa hapa nchini, inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, na inatolewa tone moja kwenye jicho, kila baada ya miezi mitatu. Shida ni kwamba chupa moja ina dozi nyingi na ikishafunguliwa itumike siku hiyohiyo. Mwenye kuku wanane hanunui chupa. Kwa hiyo bila mpango hakuna anayechanja.

Mpango ni huu. Kijiji kinachagua tarehe nne kwa mwaka na kuzitangaza kama zinavyotangazwa kliniki za watoto. Moja iwe kabla ya msimu ambao kwa kawaida kuku wenu hufa. Wazee wa kijiji wanaujua bila kuulizwa mara mbili. Vijana wawili wanafundishwa na afisa mifugo wa kata. Wanaanza saa kumi na moja alfajiri, kuku wakiwa bado ndani, kwa sababu saa mbili wamesambaa na utamaliza asubuhi ukimkimbiza mmoja. Wanatoza kwa kuku, TSh 100 kwa mfano. Kaya 150 zenye kuku kumi ni TSh 150,000 kwa zoezi moja, na baada ya chanjo, barafu na nauli inabaki riziki ya vijana wawili. Kuku anayeonekana mgonjwa asichanjwe. Akifa kesho yake, kijiji kitasema ameuawa na chanjo na zoezi la pili halitakuwepo. Mazoezi mawili yakifanikiwa, yule mwenye vifaranga 200 anaweza kulala usingizi, na mnunuzi wa mjini anaanza kuja na gari badala ya baiskeli.

Ardhi nayo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayoisimamia ardhi ya kijiji, na haigawi bila idhini ya Mkutano Mkuu. Eneo la biashara litengwe mapema kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, karibu na nguzo na barabara, mbali kidogo na shule kwa sababu ya kelele na vumbi. Kama halikutengwa, kila mmoja atajenga kibanda kwenye hifadhi ya barabara, na siku greda likija X nyekundu hazichagui.

Biashara nyingine zitakufa hata mkifanya yote haya, na kijiji kijiandae kwa hilo pia. Cha kuchunga ni kwamba aliyeshindwa asigeuzwe hadithi ya kucheka kwenye kahawa, maana wanaosikiliza ni wale vijana watatu waliokuwa wanafikiria kujaribu. Akae na kikundi, hesabu zisomwe: alilipa kiasi gani, kinachobaki ni kiasi gani, kilichokwenda vibaya ni bei, wateja, ugonjwa au chombo. Deni lipangiwe awamu anazoweza. Chombo kirudi. Cherehani ikirudi isikae stoo kwa mwenyekiti na kufunikwa kanga. Itiwe mafuta, mkanda ukaguliwe, na apewe anayefuata kwenye orodha kabla ya Oktoba kuisha, kwa sababu sare za Januari zinaanza kushonwa Novemba.